Ruzizi Hutiririkia Wapi? Tafakari juu ya Kipimo na Ushuhuda wa Kweli



Mtoto yeyote wa Luberizi aliyewahi kuchunga ng'ombe au kuteka maji bondeni anajua Mto Ruzizi huenda upande gani. Hutoka kaskazini, katika Ziwa Kivu, hushuka kwa kishindo kati ya milima hadi Kamanyola, kisha hutulia na kupita kando ya bonde letu la mpunga na mihogo, milima ya Burundi ikiwa ng'ambo. Mwisho wake humwagika katika Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura. Hakuna anayehitaji chombo cha kitaalamu ili kulijua jambo hili. Macho yanatosha.

Hata hivyo, kwa muda wa miaka 13, tangu 1858 hadi 1871, wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya jambo hilo hilo: je, Ruzizi huingia Tanganyika, au hutoka humo kwenda kaskazini? Vitabu viliandikwa, hotuba zikatolewa, na urafiki wa watu wawili mashuhuri ukavunjika. Tumeona vema kuisimulia habari hii katika ukurasa wetu, kwa sababu ni sehemu ya historia ya sayansi iliyotendeka hapa kwetu, na kwa sababu inatufundisha jambo moja ambalo kijana Mkristo analihitaji leo: kipimo ni aina ya ushuhuda, na kila ushuhuda hudai ukweli na unyenyekevu wa yule anayeutoa.

Maji yanayochemka

Ili tuielewe habari hii, tuanze jikoni. Mama anayehama kutoka Luberizi kwenda kuishi Bukavu hugundua upesi kwamba maharage yale yale huchelewa zaidi kuiva kule juu. Hilo si kosa la makaa wala la sufuria. Kadiri tunavyopanda mlima, ndivyo uzito wa hewa iliyo juu yetu unavyopungua, na maji huchemka kabla ya kufikia joto la kawaida. Ufukweni mwa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za selsiasi. Penye mwinuko wa Ziwa Tanganyika huchemka kwenye nyuzi 97 na nusu hivi. Bukavu, iliyo karibu mita 1,500 juu ya bahari, ni kama nyuzi 95. Kwa makadirio ya haraka, kila mita 300 za mwinuko hupunguza nyuzi moja.

Wasafiri wa karne ya 19 waliitumia kanuni hii kama ngazi ya kupimia nchi. Barometa ya zebaki ilikuwa ndefu, ya kioo, na ilivunjika upesi safarini. Badala yake msafiri alibeba kipimajoto, akachemsha maji mahali alipofika, akasoma nyuzi, akatafuta katika jedwali mwinuko unaolingana nazo. Njia hii ni rahisi na ya kupendeza. Lakini tazameni hatari yake: kipimajoto kikikosea kwa nyuzi moja tu, mlima mzima wa mita 300 unaongezeka au kutoweka katika ramani.

Safari ya mwaka 1858

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani karibu na Bagamoyo. Walikuwa wametumwa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London kutafuta maziwa ya bara, na pamoja nayo chanzo cha Mto Nile. Walikuwa na sekstanti za kupimia pembe za jua na nyota, saa za kutambulisha longitudo, na vipimajoto. Vyombo hivyo havikutembea vyenyewe. Vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wapagazi Waafrika, ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Mmoja tunayemjua vema ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa Bara Hindi, na baadaye akarudi Afrika akiwa huru. Yeye alikuwa kiongozi na mkalimani, na miaka mingi baadaye shirika lile la London lilimtunukia nishani ya fedha.

Walifika Tanganyika Februari 1858. Burton alikuwa mgonjwa asiyeweza kutembea, na Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Vipimajoto vyao bora vilikuwa vimevunjika njiani, kikabaki cha kawaida cha kupimia maji ya kuogea. Kwa chombo hicho Speke alikadiria mwinuko wa ziwa kuwa futi 1,844, yaani mita 560 hivi. Leo tunajua kwamba Tanganyika iko karibu mita 770 juu ya bahari. Kosa lilikuwa zaidi ya mita 200, nalo lilitokana na tofauti isiyofika hata nyuzi moja.

Huko ziwani Speke alizungumza na mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyim, akarudi na habari kwamba mto mkubwa hutoka katika ncha ya kaskazini ya ziwa. Burton alifurahi, kwa kuwa mto wa namna hiyo ungeweza kuwa Nile. Wakakodi mitumbwi, wakapiga makasia kuelekea kaskazini, na mwishoni mwa Aprili 1858 wakafika Uvira. Hapo walitembelewa na wana watatu wa mtawala wa mahali, Maruta. Walipoulizwa, vijana hao walisema waziwazi kwamba Ruzizi huingia ziwani, hautoki. Wenyeji wengine waliokuwapo wakasema vivyo hivyo. Baadaye Bombay naye alieleza kwamba Speke alikuwa amemwelewa Hamid kinyume: mzee yule alisema mto unaingia, na msikilizaji akasikia unatoka.

Burton alitaka kwenda hadi mdomoni mwa mto akauone mwenyewe, lakini wapiga makasia walikataa kuendelea. Safari ikageuka. Mdomo wa Ruzizi ulikuwa umbali mfupi mbele yao, nao hawakuuona.

Tusimame kidogo hapa. Wana wa Maruta hawakuwa na sekstanti wala saa. Walikuwa na kitu kingine: maisha yote kando ya ziwa lile. Katika mizani ya ushahidi, neno lao lilikuwa zito kuliko kipimajoto kile. Burton mwenyewe alilikubali, akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860.

Ugomvi na namba zilizopinda

Kilichofuata ni habari ya huzuni. Katika safari ile ile Speke alikwenda peke yake kaskazini, na Agosti 1858 akaliona ziwa kubwa aliloliita Victoria. Alitangaza kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Burton hakukubali. Waliorudi Ulaya wakiwa wenzi wa safari wakawa mahasimu. Mwaka 1864 ilipangwa wakutane na kujadiliana hadharani katika mji wa Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba. Siku moja kabla ya mkutano Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Baada ya hapo Burton aligeuza maneno yake. Yeye aliyeandika kwamba Ruzizi huingia ziwani sasa alitetea kwamba yawezekana hutoka, ukaenda kaskazini hadi Ziwa Albert, na hivyo Tanganyika ndilo chanzo cha Nile. Hatuna uwezo wa kuusoma moyo wa mtu, lakini tunaona jambo moja: baina ya 1860 na 1864 hakuna shahidi mpya aliyekuja kutoka Uvira. Ushahidi ulibaki ule ule. Kilichobadilika ni ushindani kati ya watu wawili.

Kikwazo kilikuwa namba. Msafiri Samuel Baker alifika Ziwa Albert mwaka 1864, naye pia akachemsha maji na kupata mwinuko wa karibu mita 830. Ikiwa Tanganyika ni mita 560 na Albert ni mita 830, maji yangelazimika kupanda mlima. Burton na waliomuunga mkono wakajibu kwamba vipimajoto vilikosea.

Katika hilo walikuwa na haki. Leo tunajua kwamba Tanganyika ni mita 770 hivi na Albert ni kama mita 620. Kipimo kimoja kilishuka mno, kingine kikapanda mno. Kwa hiyo waliosema kweli juu ya mto waliegemea namba zilizokosea, na waliokosea juu ya mto walisema kweli juu ya namba. Hakuna hesabu yoyote ya London iliyoweza kulifungua fundo hilo. Katikati ya maziwa yale mawili lilikuwako Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya bahari, ambalo hakuna mmoja wa wabishani hao aliyewahi kuliona. Ilimpasa mtu aende akautazame mto.

Novemba 1871

Aliyekwenda alikuwa mzee na mgonjwa. David Livingstone, mmisionari wa Kiskoti, alikuwa ametumwa na shirika lile lile kuchunguza mabonde ya maji ya bara. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti, alimkuta Ujiji mwaka 1871. Mnamo Novemba wawili hao waliingia mtumbwini na kuelekea kaskazini. Walikuwa wamesikia kauli zinazopingana, kama ilivyo kawaida kwa habari inayopita katika midomo mingi.

Karibu na mdomo wa mto walipokewa na mtawala aitwaye Ruhinga, ambaye Stanley alimsifu kwa ujuzi wake wa nchi. Ruhinga aliwaeleza mito inayoungana na Ruzizi, akawaambia kwamba mto wenyewe unaanzia katika ziwa liitwalo Kivo. Ulaya haikuwa na ziwa hilo katika ramani zake, na Mzungu wa kwanza kulifikia, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, alikuja miaka 23 baadaye, mwaka 1894. Lakini Ruhinga alikuwa amelitaja tayari, kwa jina lake.

Hawakuishia kwenye maneno. Walipiga makasia kati ya matete hadi penye mdomo, wakaona mkondo unawasukuma nyuma kuelekea ziwani. Ruzizi huingia Tanganyika. Mabishano ya miaka 13 yakaisha kwa mtumbwi uliosukumwa na maji.

Jambo la kumpongeza Livingstone ni kwamba yeye pia alikuwa ametumaini jibu lingine. Alipoona alikubali. Hata hivyo hakuliacha tumaini lake lote. Alilihamishia kwenye Mto Lualaba, akiamini kwamba ndio Nile, na akafa mwaka 1873 bado akiutafuta uthibitisho. Mwaka uliofuata Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe, akapima, akaona kwamba Lualaba pale iko chini kuliko Nile huko Gondokoro, na maji yake ni mengi mno. Haikuwezekana kuwa Nile. Safari hii namba zilitosha kusema hapana. Kipimajoto kile kile cha kuchemshia maji, kikishikwa kwa uangalifu na kulinganishwa na vingine, kinaweza kutoa ushuhuda mwema.

Kipimo kisicho na tarehe

Ziwa letu lilikuwa na fumbo la pili. Maji ya Ruzizi na ya mito mingine huingia. Je, hutokea wapi? Cameron alipozunguka Tanganyika mwaka 1874 aliuona Mto Lukuga upande wa magharibi, akatangaza kwamba huo ndio mlango wa kutokea. Stanley alifika hapo mwaka 1876, akakuta matope na matete, maji hayatoki. Mmoja wao, ingeonekana, alisema uongo.

Mwaka 1878 alifika Ujiji baharia mmisionari wa Kiprotestanti, Edward Coode Hore. Yeye alikaa, akafuatilia alama za maji ufukweni mwezi baada ya mwezi, na mwaka 1879 akaenda Lukuga. Alikuta mto wenye nguvu ukitoka ziwani kwa kasi. Ziwa lilikuwa limepanda kwa miaka mingi nyuma ya kizuizi cha matope na mimea, hata likakivunja. Baada ya hapo maji yalishuka kwa mita kadhaa, na fukwe zilizokuwa chini ya maji zikawa nchi kavu.

Basi Cameron na Stanley hawakudanganya. Kila mmoja alisema alichokiona siku yake. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa na kuandika tarehe kando ya namba, kwa uvumilivu, pasipo sifa. Mwaka huo huo wa 1879, Januari, Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliagiza kila kituo kiandike daftari la kila siku. Katika madaftari ya namna hiyo wanahistoria wa leo husoma habari za mvua, njaa, magonjwa na vita. Kuandika kidogo kila siku ni kazi isiyong'aa, lakini wajukuu huila matunda yake.

Mstari uliochorwa bila kuonwa

Kuna pia kipimo kilichotugharimu. Mwaka 1885 Dola Huru ya Kongo ilipotangaza mipaka yake, mstari ulichorwa kutoka ncha ya kaskazini ya Tanganyika kwenda moja kwa moja hadi penye longitudo ya 30 mashariki na latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini. Waliouchora hawakuwa wamewahi kuliona Ziwa Kivu. Mstari huo ulikata nchi ya Rwanda katikati, na Wajerumani na Wabelgiji wakagombana juu yake mpaka mkataba wa Brussels wa mwaka 1910, ulioufanya Ruzizi na Ziwa Kivu kuwa mpaka na kukiacha Kisiwa cha Ijwi upande wa Kongo. Wenyeji hawakuulizwa mwaka 1885, wala hawakuulizwa mwaka 1910. Tangu hapo mto uliokuwa njia ya watu na mifugo ukawa mstari wa kuwatenganisha. Hatuandiki haya ili kuamsha chuki. Tunayaandika ili mjue kwamba rula iliyoshikwa na mtu asiyewaona wengine inaweza kuwaumiza watu kwa vizazi vingi.

Vyombo vilivyo karibu nasi

Kazi ya kupima haikukoma na wasafiri. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kisayansi kwa Afrika ya Kati, na kituo chake kikuu kikajengwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia cha Lwiro. Vyombo vya kupimia matetemeko vilianza kufanya kazi huko katika miaka ya 1950. Uvira nako kuna Kituo cha Utafiti wa Maji na viumbe vyake, ambacho watafiti wake Wakongomani huchunguza ziwa, samaki wake na mito yake. Kijana wa bonde letu anayependa hesabu na biolojia asifikiri kwamba sayansi ni mali ya watu wa mbali.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, au mlikuwa wadogo, Dominika ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Bukavu na jirani zake asubuhi, saa ambayo wengi walikuwa katika ibada. Watu wengi walikufa, hasa upande wa Rwanda, na miongoni mwao waumini walioangukiwa na kanisa. Chombo hakikuweza kuwaonya. Hadi leo hakuna chombo duniani kinachotaja siku na saa ya tetemeko. Lakini vyombo huonyesha ni wapi ardhi hutikisika mara kwa mara. Anayejenga shule au kanisa akiisoma habari hiyo na asiijali, hawezi kusema kwamba hakujua.

Na mnakumbuka Aprili 2020, Mto Mulongwe ulipofurika Uvira ukabeba nyumba na watu. Mnajua pia jinsi Tanganyika ilivyopanda katika miaka iliyofuata na kuwahamisha watu wa ufukweni, Uvira na Bujumbura. Wazee walisema ziwa limewahi kupanda na kushuka zamani. Habari ya Lukuga inaonyesha kwamba walisema kweli.

Tunajifunza nini?

Kitabu cha Hekima kinatukumbusha kwamba Muumba alivipanga viumbe vyake kwa kipimo, kwa hesabu na kwa uzani. Ndiyo maana dunia inaweza kupimwa, na anayeipima kwa uaminifu anaiheshimu kazi ya Mungu. Manabii nao, Amosi miongoni mwao, waliwakemea vikali wachuuzi waliopunguza kipimo na kuipotosha mizani, kwa sababu aliyeumia alikuwa maskini. Kopo lililobonyezwa chini sokoni na namba iliyopindishwa kitabuni ni dhambi za ukoo mmoja. Zote zinavunja amri ya nane, ile inayotukataza kumshuhudia jirani uongo.

Tumewaona watu wa namna nyingi katika habari hii. Wana wa Maruta walisema walichokijua. Speke alisikia alichotaka kusikia. Burton aliukubali ukweli, kisha akauacha ulipomfaa mpinzani wake. Livingstone alikwenda, akaona, akakubali. Hore alikaa, akaandika. Kila mmoja wetu ana kitu cha kila mmoja wao.

Katika bonde letu, ambako familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja, habari isiyopimwa inaweza kuhamisha kijiji kizima usiku pasipo sababu, au kukikuta kimelala wakati hatari ni ya kweli. Tunapokea ujumbe katika simu: watu kadhaa wameuawa mahali fulani, kundi fulani linakuja. Kabla ya kuutuma mbele, tuulize kama mpimaji mwema: nani ameona? Alikuwa wapi? Siku gani, saa ngapi? Je, kuna shahidi wa pili aliyeona mwenyewe? Na swali gumu kuliko yote: je, nauamini ujumbe huu kwa sababu ni kweli, au kwa sababu unamtia hatiani mtu nisiyempenda?

Tunapendekeza pia kazi moja ndogo kwa kila kikundi cha vijana. Chukueni chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, ikateni juu, na sehemu iliyokatwa muigeuze iwe mdomo wa kupokea mvua. Tieni mawe madogo chini isianguke, mimineni maji mpaka yayafunike mawe, na hapo wekeni alama ya sifuri. Iwekeni mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa moja asubuhi mmoja wenu apime kwa rula maji yaliyozidi, aandike milimita na tarehe katika daftari, kisha ayapunguze yarudi kwenye sifuri. Milimita moja maana yake ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba ya shamba. Siku isiyo na mvua aandike sifuri. Asiiache wazi, wala asibuni namba kwa kuwa alichelewa kuamka. Aliyesahau aandike: nimesahau.

Baada ya miaka 3 au 4 daftari hilo litawasaidia wazazi wenu kujua majira ya kupanda, na mwalimu wa shule atapata la kufundishia. Na mwenye kulishika atakuwa amejizoeza, kila asubuhi, kuandika kile kilichopo na si kile alichotamani. Kwa mazoezi madogo ya namna hiyo Mungu huwaandaa mashahidi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Wana wa Maruta walisema kweli, lakini mabishano yaliendelea kwa miaka 13. Katika parokia na kijiji chetu, ni nani ambao ushuhuda wao hausikilizwi? Kwa nini?

2. Je, umewahi kubadili maneno yako juu ya jambo fulani kwa sababu ya ugomvi na mtu, wala si kwa sababu ulipata habari mpya? Ulirekebisha namna gani?

3. Nani katika kikundi chetu atalishika daftari la mvua, na nani atamsaidia akiwa mgonjwa au safarini?

Bwana aliye njia, ukweli na uzima atuongoze sote. Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.